Je, kunyamaza ndiyo hekima? Jibu kwa mama aliyesingiziwa kwenye grupu la familia

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nimeolewa miaka kumi na mmoja, na ukoo wa mume wangu ulinipa kazi ya kutunza michango ya familia. Mwezi wa nane mama mkwe alilazwa, tukachanga shilingi 640,000. Usiku mmoja wifi yangu mkubwa akaandika kwenye grupu la familia kwamba kuna watu wananenepa kwa ugonjwa wa mama. Kila mtu alijua anamsema nani. Nilikuwa nimetoka kumuuguza mama huyohuyo, nimechoka. Nikarekodi sauti ya dakika nne, na humo nikamtajia ndoa yake iliyovunjika. Asubuhi nikaifuta, lakini walikuwa wameshaisikia na wengine wameshaisambaza. Tangu siku hiyo sijasema neno. Simu yake sipokei, kwenye grupu sijibu. Mume wangu ananisifu, anasema Biblia inasema hata mpumbavu akinyamaza huhesabiwa kuwa na hekima. Mzee wetu wa kanisa naye kasema nimwachie Mungu. Risiti zote ninazo. Ila ndani naungua. Krismasi tunakutana wote kwa mama. Ninyamaze, au niseme?

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza na kwa kusingiziwa. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama palepale: risiti unazo, na mpaka leo hakuna aliyeziona. Umezikalia kama mtu anayeweka akiba ya siku fulani. Turudi hapo baadaye.

Kwanza huo mstari wa mumeo, maana umeubeba kama cheti. Ni Mithali 17:28, na katika Biblia yetu ya Union unasomeka hivi: "Hata mpumbavu akinyamaza huhesabiwa kuwa na hekima, akifumba midomo yake, huhesabiwa kuwa ana ufahamu." Angalia kitenzi. Haukusema "huwa na hekima", umesema "huhesabiwa". Watu ndio wanaomhesabia. Mwenye kusema hapa anatabasamu kidogo: mpumbavu amekaa kwenye kikao, hana la kusema, kafunga mdomo, na waliomzunguka wanadhani anatafakari mambo mazito. Ni shauri jema kwa mtu ambaye akifungua kinywa ataumbuka. Wewe una hesabu ya shilingi 640,000 na karatasi za kuithibitisha. Mstari ule haukushonwa kwa kimo chako.

Nimefundisha Agano la Kale kwa miaka mingi, na kosa ninalolikuta zaidi kuliko yote ni hili la kuchomoa mithali moja na kuifanya sheria. Mithali haikai hivyo. Sura ya 26 ina mistari miwili iliyofuatana. Wa 4 unasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, usije ukafanana naye. Wa 5 unasema mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, asije akawa mwenye hekima machoni pake mwenyewe. Usimjibu. Mjibu. Hakuna hata mstari mmoja katikati wa kuipatanisha. Marabi wa Kiyahudi wanasimulia katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao, kwamba wazee walitaka kukiweka kando kitabu cha Mithali kwa sababu maneno yake yanapingana, na mfano wanaoutoa ni huohuo. Hawakukiweka kando. Waliona kwamba kila mstari una mahali pake, na kazi ya kujua ni wapi wameachiwa wasomaji.

Kwa hiyo swali lako, "ninyamaze au niseme", halijibiki kwa neno moja, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu uliyoyafunga kitambaa kimoja. Kuna tuhuma ya pesa. Kuna lile neno ulilomwambia wifi yako. Na kuna kimya hiki cha sasa. Nitaanza na la mwisho, kwa kuwa ndilo unalosifiwa, na mimi ndilo linalonitia hofu kuliko mengine.

Fungua 2 Samweli 13. Ni sura ngumu, na makanisani haisomwi mara nyingi. Amnoni, mtoto wa kwanza wa Daudi, alimbaka Tamari, dada yake wa baba mmoja, aliyekuwa dada wa Absalomu kwa baba na mama. Sasa tazama nyumba ile inavyotumia ulimi. Absalomu anamwambia Tamari anyamaze, asilitie moyoni, kwa kuwa yule ni ndugu yake. Mfalme Daudi anasikia, anakasirika sana, na sura haituambii kwamba alisema neno lolote kwa Amnoni. Kisha unakuja mstari wa 22: Absalomu hakumnenea Amnoni neno, jema wala baya, kwa maana alimchukia.

Jema wala baya! Mtu wa nje angemsifu kijana huyo. Angesema amejizuia, ana busara, amemwachia Mungu. Kimya hicho kilidumu miaka miwili mizima. Halafu Absalomu akaandaa karamu ya kukata manyoya ya kondoo huko Baal-hasori, akawaalika wana wote wa mfalme, akamng'ang'aniza baba yake mpaka Amnoni naye akaruhusiwa kwenda. Amnoni alipochangamka kwa mvinyo, watumishi wa Absalomu wakamwua palepale mezani. Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya cha Absalomu uliishia kuvunja ufalme wa baba yake.

Sisemi utaua mtu, binti yangu. Lakini umeniandikia kwamba hupokei simu yake, hujibu, ndani unaungua, na kuna siku ya ukoo wote kukutana inakuja. Na risiti unazo mkononi. Niambie ukweli, usiniandikie mimi, jiambie mwenyewe: hujawahi kulala ukiuona mkono wako unazitandaza risiti zile mezani siku ya Krismasi, mbele ya mashemeji wote, huku yeye akikosa pa kuweka uso? Kama umewahi kuiona picha hiyo na ikakupa raha, basi kimya chako kimekuwa matayarisho.

(Nitoke nje ya njia kidogo, kwa ajili ya mwingine atakayesoma hapa akiwa na jambo la namna ya Tamari. Kama kinachofichwa nyumbani ni kipigo au kubakwa, ushauri ninaompa mama huyu haukuhusu. Usiende kuzungumza peke yako na aliyekutenda, wala usimngoje afike siku ya sikukuu. Mwambie upesi mtu mwenye uwezo wa kukulinda. Vituo vya polisi hapa Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa kazi hiyo. Absalomu alipomwambia Tamari anyamaze alimwongezea jeraha, na Biblia inasema Tamari akakaa ukiwa nyumbani mwa kaka yake.)

Turudi. Watu husema Biblia inakataza kusema sana, na ni kweli, Mithali 10:19 ipo: katika wingi wa maneno hapakosi kuwa na maovu. Lakini torati inaweka kosa la ulimi na kosa la kimya mlango kwa mlango. Walawi 19:16 inamkataza mtu kwenda huku na huko kama mchongezi kati ya watu wake. Mstari unaofuata, wa 17, unasema usimchukie ndugu yako moyoni mwako, hakika umkemee jirani yako, usije ukachukua dhambi kwa ajili yake. Yaani huruhusiwi kumsema kwa watu, na huruhusiwi kumchukia kimoyomoyo bila kumwambia. Njia iliyobaki ni moja tu: mwendee umwambie. Na mstari unaofuata hapo, wa 18, ndio ule maarufu wa kumpenda jirani yako kama nafsi yako. Watu wanaunukuu huo kila Jumapili bila kujua umetokea katika mazungumzo ya umbea na kinyongo.

Je, kila kimya ni cha Absalomu? La. Kipo kimya kingine, na nakupa mwanamke wa kukuonyesha: Abigaili, mke wa Nabali, katika 1 Samweli 25. Nabali ni tajiri, naye yumo kwenye sikukuu ya kukata manyoya. (Sikukuu hiyo ndiyo ilikuwa Krismasi ya wafugaji wale, na kama unavyoona, ndipo mambo ya nyumbani yalipokuwa yakilipuka.) Amewatukana watumishi wa Daudi, na Daudi anakuja na watu 400 wenye panga. Abigaili akaharakisha. Akachukua mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano walioandaliwa, bisi, zabibu na tini, akapanda punda, akamkabili Daudi njiani na kumwambia maneno marefu kuliko ya mwanamke mwingine yeyote katika kitabu kile. Hakunyamaza. Angenyamaza, watu wangekufa kabla ya alfajiri.

Jioni akarudi nyumbani, akamkuta mumewe analewa karamuni. Ana habari nzito ya kumwambia. Akamwambia? Hakumwambia kitu, dogo wala kubwa, mpaka asubuhi. Divai ilipomtoka Nabali, ndipo akamweleza yote.

Mwanamke mmoja, ndani ya siku moja, kaharakisha kusema na kachelewa kusema, na mara zote mbili kapatia. Kimya chake cha usiku ule kilikuwa na saa ya kwisha. Alijua tangu mwanzo: nitasema, asubuhi, akishakuwa na masikio. Cha Absalomu hakikuwa na tarehe, kilikuwa kinangojea nafasi. Basi kipime chako kwa kipimo hicho. Siku ile ya kwanza, baada ya ile sauti, kunyamaza kwako kulikuwa kwa Abigaili kabisa. Ulikuwa umelewa uchovu na hasira, na mlevi haongezewi maneno. Lakini sasa ni miezi. Asubuhi ilishafika zamani.

Sasa ile sauti ya dakika nne.

Nakupa visa viwili kutoka Waamuzi, maana havikukusudiwa kutenganishwa. Katika sura ya 8 watu wa Efraimu wanamjia Gideoni kwa hasira: mbona hukutuita ulipokwenda kupigana na Midiani? Gideoni ametoka vitani, ana kila sababu ya kuwaka. Anawajibu kwamba masazo ya zabibu za Efraimu ni bora kuliko mavuno yote ya Abiezeri, ambao ni ukoo wake yeye, na kwamba ni wao waliowakamata wakuu wa Midiani, Orebu na Zeebu. Hasira yao ikatulia. Usidhani aliwapaka mafuta. Ni kweli waliwakamata. Kati ya kweli zote alizokuwa nazo, alichagua ile ambayo aliyekasirika angeweza kuimeza.

Katika sura ya 12 Efraimu haohao wanakuja na lawama ileile kwa Yefta, safari hii wakitishia kumchomea nyumba. Yefta naye anajibu kwa kweli: niliwaita, hamkunisaidia, nikaitia roho yangu hatarini. Huenda ni kweli tupu. Lakini anaitandaza yote, na Waefraimu nao walishawasimanga watu wake wa Gileadi kwamba ni watoro tu. Likaguswa lile la asili ya mtu. Kilichofuata ni vita ya ndugu kwa ndugu, na kwenye vivuko vya Yordani watu wakachinjwa kwa kushindwa kutamka neno moja, Shibolethi. Maandiko yanataja Waefraimu 42,000 waliokufa.

Katika dakika zako nne, nina hakika dakika tatu na nusu zilikuwa kweli. Kwamba unamuuguza mama, kwamba hakuna aliyekuuliza hesabu kabla ya kukushutumu, kwamba yeye mwenyewe alikuja hospitali mara chache. Ukaja ule mkato wa ndoa yake. Hapo uliacha kujibu tuhuma, ukamgusa mtu mahali asipoweza kupajibu, kama Efraimu walivyofanya. Pesa zina risiti. Ndoa iliyovunjika haina. Na nakwambia jinsi mioyo ya watu ilivyo: mpaka leo kwenye grupu lile hakuna anayekumbuka swali la 640,000. Wanazikumbuka sekunde thelathini za ndoa. Ulikuwa mdaiwa uliyeonewa, kwa sentensi moja ukajifanya mdaiwa wa kweli.

Nakuelewa kuliko unavyodhani. Nikiwa mwalimu kijana nilimjibu mzee mmoja mbele ya kikao cha kanisa. Hoja yangu juu ya bajeti ilikuwa sahihi, na mwaka uliofuata kikao kilikuja kuifuata. Lakini nilimalizia kwa kusema kwamba asiyesoma hawezi kuelewa mambo haya. Alikuwa mzee wa darasa la nne. Miaka mitatu hakunipa mkono. Nilikwenda kwake nikiwa nimechelewa sana, na aliponisamehe alisema jambo moja tu: "Kijana, bajeti nilikuwa nimeshaielewa."

Mithali 15:1 sote tunaijua: jawabu la upole hugeuza hasira, bali neno liumizalo huchochea ghadhabu. Kwa Kiebrania hilo "la upole" ni rakh, laini, kama kitu kilichoiva. Neno hilohilo linarudi katika 25:15, "ulimi laini huvunja mfupa." Sisi tunasema ulimi hauna mfupa, tukimaanisha hauzuiliki. Mithali inamtazama huyohuyo asiye na mfupa na kusema anaweza kuvunja ulio mgumu. Kwa hiyo anayekwambia upole ni unyonge hajakisoma kitabu. Abigaili aliwarudisha watu 400 kwa ulimi na punda wachache.

Basi fanya hivi, na utaratibu wake una maana.

Anza na kuomba radhi, kabla ya risiti. Ukianza na risiti, radhi itaonekana ni zawadi ya mshindi. Usiombe kwa meseji wala kwa sauti nyingine ya kurekodi. Vitu hivyo vinasambazwa, umeshaona. Mnaishi mji mmoja? Panda daladala umfuate. Kama yuko mbali, mpigie simu mchana, saa ambayo hayuko kazini wala hajachoka. Yesu alisema, ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, enenda kwanza ukapatane naye. Hakusema kama wewe ndiye una neno juu yake. Kasema kama yeye ana neno juu yako. Na wifi yako analo.

Maneno yawe machache. Mfano:

"Shikamoo dada. Nimekuja kwa jambo moja. Usiku ule niliitaja ndoa yako mbele ya ukoo. Lilikuwa neno baya, na halikuwa linahusiana na pesa. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Hapo nyamaza. Hiki ndicho kimya ninachokusifia. Neno "lakini" likija mdomoni, limeze. "Nisamehe, lakini na wewe ulinichokoza" ni kesi mpya. La kwake kwako lina siku yake, nalo utalisema, ila si kwenye pumzi hiyohiyo. Anaweza kulia, anaweza kukufukuza, anaweza kukuuliza umetumwa na nani. Mithali 18:19 inamfananisha ndugu aliyekosewa na mji wenye ngome, na mji wenye ngome hautekwi kwa ziara moja. Wewe umekwenda kulipa deni lako. Kupokea ni kwake.

Ukishaonana naye, andika mstari mmoja kwenye grupu, kwa kuwa walisikia wote: kwamba maneno uliyosema juu ya wifi yako hayakustahili, umemwomba radhi, na unawaomba radhi wao pia kwa kuwasikilizisha. Usiyarudie maneno yenyewe. Mithali 17:9 inasema afunikaye kosa hutafuta kupendwa, bali arudiaye neno huwatenga rafiki. Ukirudia neno ili uliombee radhi, umelisambaza mara ya tatu.

Kisha pesa, na hapa namkatalia mzee wenu wa kanisa kwa heshima zote. "Mwachie Mungu" ni neno jema kwa kisasi. Kwa hesabu za michango si neno jema. Samweli, alipostaafu kazi ya kuwaamua Waisraeli, alisimama mbele ya Israeli yote akawaambia washuhudie: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimetwaa punda wa nani? Hakungoja ashutumiwe. Paulo, alipokusanya changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakulibeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba makanisa yalimchagua ndugu wa kusafiri naye, mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha zile, kwa kuwa walitaka kutenda yaliyo mema si mbele za Bwana tu, bali na mbele ya wanadamu. Mtume, mtu aliyewaandikia Wakorintho habari za kwenda mbingu ya tatu, anataka shahidi wa pesa! Nawe mke wa nyumba moja unataka uaminiwe bila karatasi? Wifi yako alikosea kukusema kwa mafumbo. Lakini ukoo kutaka kujua 640,000 zimekwendaje si matusi, na nadhani kwa hasira uliyaona yote mawili kuwa kitu kimoja.

Siku mbili tatu baada ya radhi, andika kwenye grupu, mahali palepale tuhuma ilipotolewa. Hesabu nitakazoweka ni za mfano tu, weka zako:

"Shikamooni wazazi, habari zenu ndugu. Mchango wa matibabu ya mama ulikuwa 640,000. Hospitali 415,000. Dawa za nje 138,000. Usafiri 42,000. Zimebaki 45,000, ninazo. Risiti na meseji za miamala nimempa baba mdogo azikague. Mwenye swali aniulize au amuulize yeye."

Basi. Usiweke "kwa wale waliokuwa wanasema". Usiweke mstari wa Biblia chini yake. Usiweke kile kikaragosi cha mikono iliyokunjwa, maana hapo hakitasali, kitasimanga. Mithali 25:11 inalifananisha neno linenwalo wakati wa kufaa na machungwa katika vyano vya fedha. Naipenda sana tafsiri hiyo kwa ajili ya chano. Chano kinatengwa mbele ya mtu, hakirushwi. Tunda ni lilelile ukimpigia mtu usoni au ukimwekea chanoni.

Kuhusu mumeo nina neno fupi. Anayesemwa ni mkewe na anayesema ni dada yake, na yeye kaona njia nyepesi ni kukusifia ukae kimya. Usimchambe kwa hilo. Mwombe jambo moja tu: aende pamoja nawe kwa baba mdogo na zile risiti, na yeye ndiye azikabidhi kwa mkono wake. Akisema kwamba hataki kuingilia mambo ya wanawake, mkumbushe taratibu kwamba pesa zile zilichangwa kwa ajili ya mama yake.

Imebaki Krismasi. Huenda ukafanya yote haya na mtu akakuchokoza tena, pale jikoni mnapochambua mchele wa pilau, kwa fumbo lilelile. Watu watakwambia hapo ufanye kama Yesu, aliyenyamaza kama kondoo mbele ya wakata manyoya. Alinyamaza, ndiyo, mbele ya Herode hakujibu neno. Lakini usiku uleule wa mashtaka, mtumishi wa kuhani mkuu alipompiga kofi, alijibu, na Yohana ameyaandika maneno yake: kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini? Ni sentensi moja isiyo na tusi wala fumbo, na inamrudishia mpigaji kazi ya kuthibitisha. Hakuirudia.

Nawe tayarisha yako moja tangu sasa, uisemee hata mbele ya kioo mpaka isikike kwa sauti yako ya kawaida: "Dada, hesabu iko kwa baba mdogo, kama kuna kitu hakikukaa sawa, nionyeshe tukitazame wote." Kisha endelea kuchambua mchele. Akirudia mara ya pili, hapo ndipo Mithali 26:4 inapoanza kazi, na unaweza kwenda kuteka maji.

Daudi ana ombi katika Zaburi ya 141 nililolisema miaka mingi bila kulielewa: "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu." Nilidhani naomba kufuli. Mngojezi wa mlango kazi yake si kufunga tu. Anatazama nani anatoka na kwa saa gani, na mgeni wa haki akifika anafungua. Lisali hilo asubuhi ya siku utakayomfuata wifi yako, ukiwa bado hujapanda daladala.

Na pesa zilizobaki, ziwe ngapi, usizibebe mpaka sikukuu. Zipeleke kwa mama wiki hii hii, baba mdogo akiwapo, na mama akizipokea aandike jina lake kwenye daftari lako.